Jina Libaki Juu

Khainza aliingia na mvua ya Wanale mabegani,
akaweka simu mezani kama mtu anayerudisha bidhaa mbovu.
"Andika jina la mama," akasema. "Andika, uone."

Nikaandika *nandudu*, na nukta zake, na ug mkiani.
Jina likasimama mpepeso mmoja wa kope,
kisha likafutika. Juu ya kioo
likatokea jina refu la mwenye soko,
mikwaju, tarakimu, alama ya kuuliza,
na chini yake sweta zake
zimebanwa kati ya sufuria na betri za pikipiki.

Mwalimu mkuu mmoja wa Kapchorwa,
kule baridi inakouma hadi wino,
aliona jina likigeuka mbele ya macho yake
akajua hao ni matapeli.
Sweta mia mbili na kumi, za kijani, kola nyeusi,
zikaenda kufumwa kwingine.

"Jina nalilipia kila mwaka. Linanifanyia nini?"

Jina lako, dada, limefanywa tarishi.
Mgeni akibisha halimkaribishi:
linamshika mkono, linamvusha barabara,
linamkabidhi kwa jirani,
halafu lenyewe linavua kofia na kupotea.
Ni rahisi, ni bure,
aliyekuuzia jina alikuwekea kwa kubofya mara mbili,
na cha kuazima, wewe mfumaji unajua,
hakistiri maungo.

"Sasa?"

Sasa tukodi chumba.
Si lazima kwa yule yule muuza jina.
Jina likae Kampala, chumba kiwe Nairobi
au popote umeme usipolala;
wenyewe kwa wenyewe wala wasijuane.
Kitakachowaunganisha ni mstari mmoja.

Nikafungua daftari la jina.
Nikaing'oa ile amri ya kumsukuma mgeni mbele,
nikaandika herufi A, peke yake,
na ubavuni mwake namba nne, nukta kati kati,
namba za mlango, bila mapambo.
Mistari ya barua pepe sikuigusa:
mwaka juzi niliifuta ya mtu wa Sironko
akakaa siku tatu bila hata salamu.
Bado ananidai soda.

Nikabonyeza Hifadhi. Umeme ukakatika.

Jenereta ya duka la dawa ikakohoa, ikashika.
"Imeingia?" akauliza gizani.
Imeingia. Ila habari haijawafikia wote.
Kila mji una karani wake,
na kila karani amekariri jibu la jana;
atalitoa hilo hilo hadi muda wake uishe,
wengine saa moja, wengine siku mbili nzima.

Jioni kaka yake, Wamono, akapiga kutoka Arua:
naziona sweta, naliona jina, jina halitoki!
Hapa Mbale, hatua mia kutoka kwenye mashine,
bado sufuria.
"Yaani Arua," akasema Khainza,
"wamjue mama kabla yetu."
Sikujua kama anacheka.

Kesho yake, kabla sijafagia, alikuwa mlangoni.
Akashuka na kidole hadi sweta ya mwisho,
akafungua bei, akafunga, akarudi.
Hakuwa anatazama sweta.
Alikuwa anatazama ule mstari wa juu,
na juu, pale pale, bila kupepesa: *nandudu*.

"Na huyu wa chumba akipandisha kodi?"

Tunabadilisha zile namba nne. Tunahama usiku.
Wa Kapchorwa hatasikia hata kitanda kikiburutwa.

Akampigia mama yake.
Nyuma ya sauti mashine ya kufuma ilikuwa inakwenda,
kra, kra, haikusimama kwa ajili ya simu.
"Mama, jina lako limerudi."
Safu moja ya uzi ikapita. Ya pili.
"Kwani," akauliza Nandudu,
"lilikuwa limeenda wapi?"